Renaud wa Châtillon au Raymond wa Tripoli: umfuate nani ili kuielewa Hattin?

Anayetaka kueleza kwa nini Wafaranki, yaani Wakristo wa Vita vya Msalaba wenye asili ya Ulaya, walishindwa katika vita ya Hattin, karibu na Tiberia, Julai 1187, na kuipoteza Yerusalemu mwaka huohuo, iwe kwa mjadala wa darasani, makala ndefu au mchezo wa redio, hukwama mahali pamoja: wahusika ni wengi mno. Kuna mfalme mwenye ukoma, mfalme mtoto, malkia anayemng'ang'ania mumewe, wakuu wa Watempla na Wahospitali (mashirika mawili ya watawa wapiganaji), na upande wa pili Salahuddin Ayyubi na ukoo mzima. Dawa yake ni kumshika mtu mmoja na kumfuata hadi mwisho. Kwa upande wa Wafaranki wanaofaa ni wawili, na walikuwa mahasimu: Renaud wa Châtillon, ambaye Waarabu walimwita Arnat, na Raymond wa Tatu wa Tripoli. Tripoli hii ni ile ya Lebanon, si ya Libya.

| | Renaud | Raymond |
|---|---|---|
| Kuzaliwa | Ufaransa, karibu 1125 | Mashariki, 1140 |
| Urithi | karibu hakuna | Tripoli, tangu 1152 |
| Kifungo cha Aleppo | 1160 au 1161 hadi 1176 | 1164 hadi karibu 1174 |
| Kikomboleo kinachotajwa | dinari 120,000 | dinari 80,000 |
| Mke aliyemletea ardhi | Constance (1153), kisha Stephanie (karibu 1176) | Eschiva (1174) |
| Askari farasi wenye deraya waliodaiwa na mfalme kwa ardhi ya mke | 60: Kerak na Shaubak 40, Hebron 20 | 100 za Galilaya |
| Kifo | 4 Julai 1187, kwa upanga | mwishoni mwa 1187, kwa ugonjwa |

Ukiisoma jedwali hilo haraka utaona wamefanana kuliko wanavyosimuliwa. Wote wawili walifungwa Aleppo, tena kwa miaka kadhaa kwa wakati mmoja. Wote walitoka kwa fedha nyingi. Wote walipata nguvu ndani ya ufalme wa Yerusalemu kwa kumuoa mjane mwenye ardhi. Hata hivyo mmoja alitoka gerezani akitaka suluhu na mwingine akitaka vita. Wengi hulieleza jambo hili kwa tabia: huyu mwerevu, yule mkatili. Tabia ipo, lakini ramani inaeleza zaidi. Kabla ya kuchagua, itazame ramani.

Ardhi ya kila mmoja

Ngome ya Kerak ilijengwa mwaka 1142 juu ya mlima mashariki ya Bahari ya Chumvi, zaidi ya mita 900 kutoka usawa wa bahari. Kusini yake ipo Shaubak, iliyojengwa mwaka 1115, ambayo Wafaranki waliiita Montréal. Ngome hizo mbili zilikaa juu ya njia inayotoka Damascus kwenda Misri na Hijazi. Salahuddin alikuwa na Misri tangu 1169 na Damascus tangu 1174. Maana yake ni kwamba askari wake, fedha zake, wafanyabiashara wake na mahujaji wake walipotoka nusu moja ya dola kwenda nyingine, walipita chini ya madirisha ya Renaud au walizunguka mbali jangwani.

Wakati wa suluhu, bwana wa Kerak alipata ushuru wa misafara. Wakati wa vita alipata msafara mzima. Mashamba ya kuchomwa hakukosa, lakini ngome zake zilikuwa ngumu kufikiwa na jeshi kubwa lenye mitambo, na kila zilipozingirwa mfalme alilazimika kuja kuziokoa.

Galilaya ni kinyume chake. Jeshi linaloshuka kutoka Damascus linavuka Yordani kusini ya Ziwa Galilaya na kuingia moja kwa moja katika mashamba ya Tiberia, yaani mashamba ya Eschiva, mke wa Raymond. Vita ikianza, zao la kwanza kuungua ni lake. Raymond alipotetea suluhu alikuwa akitetea pia ghala lake, kama vile Renaud alipoivunja suluhu alivyokuwa akijaza lake. Hoja hii haimwondolei Renaud lawama, maana ukatili wake ulianza Antiokia, miaka zaidi ya 20 kabla hajaikanyaga Kerak. Lakini inakulinda usiandike hadithi ya malaika na shetani.

Renaud: unachokipata, na kinachokwamisha

Maisha yake yana sehemu mbili zilizotenganishwa na gereza, na sehemu hizo hazina uzito sawa kwa msomaji wetu.

Sehemu ya kwanza ni Antiokia. Mwaka 1153 askari huyu asiye na mali alimuoa Constance, mjane aliyekuwa mrithi wa Antiokia, na kwa siku moja akawa mtawala. Patriaki Aimery alimpinga waziwazi. Renaud alimkamata mzee huyo, akapigwa, majeraha yake yakapakwa asali, akaachwa juani juu ya paa la ngome aliwe na wadudu. Mfalme Baldwin wa Tatu ndiye aliyeingilia kati akaachiliwa. Kisha, karibu mwaka 1156, kwa hasira kwamba Kaisari Manuel wa Bizanti hakumlipa ujira wa kupigana na Thoros wa Armenia ya Kilikia, alijiunga na Thoros huyohuyo wakakivamia kisiwa cha Saiprasi, nchi ya Wakristo, wakapora na kukatakata watu bila kujali dini wala rika.

Kaisari alijibu kwa jeshi. Mwishoni mwa 1158 Renaud alikwenda kwake Mamistra miguu mitupu, kamba shingoni, upanga mkononi akiwa ameushika kwa ncha ili mpini uelekee kwa Kaisari, akajitupa chini mbele ya wajumbe wa mataifa mengi. Baadaye kikaja kile kifungo cha Aleppo. Alitekwa akirudi na mifugo aliyoipora kwa wakulima ambao wengi wao walikuwa Wakristo wa Mashariki. Hakuna aliyefanya haraka kumkomboa.

Tatizo la sehemu hii ni kwamba inahitaji maelezo marefu ya siasa za Bizanti, Armenia na Aleppo. Waandishi wengi huimaliza nguvu yao hapa na kufika Hattin wamechoka. Ipe nafasi ndogo.

Sehemu ya pili ndiyo hazina. Mwaka 1181, suluhu ikiwa bado hai, aliingia jangwani kuelekea Tayma na kuuteka msafara wa Waislamu. Baldwin wa Nne, mfalme mwenye ukoma, alimwamuru arudishe mali. Hakurudisha. Ufalme usioweza kumlazimisha mtu wake alipe alichokiiba hauwezi kuweka suluhu na mtu yeyote, na tukio hili la 1181 linaonyesha udhaifu huo miaka sita kabla ya Hattin. Usiliruke.

Kisha ikaja Bahari ya Shamu, majira ya baridi ya 1182 hadi 1183. Hakuna tukio katika maisha yake linalostahili kuelezwa kwa undani zaidi ya hili, kwa sababu linaonyesha akili yake ya kupanga na upofu wake kwa pamoja.

Mpango ulikuwa hivi. Merikebu za makasia ziliundwa vipande vipande, zikapakiwa kwenye ngamia, zikasafirishwa hadi Ghuba ya Akaba na kuunganishwa ufukweni. Zilikuwa tano. Mbili zilibaki kukizingira kisiwa chenye ngome ya Waislamu karibu na Ayla, ili walinzi wake wasipate maji. Tatu zilishuka kusini. Renaud mwenyewe hakupanda.

Zile tatu zilikwenda Aydhab, bandari ya pwani ya Afrika inayotazamana na Jeddah. Wakati huo mahujaji wa Misri na Maghrib walivukia hapo, na bidhaa za Bahari ya Hindi zilizopitia Yemeni zilishushwa hapo kuelekea mto Nile. Bahari hiyo haikuwa imeona merikebu ya Wafaranki, kwa hiyo haikuwa na ulinzi wa maana. Msafiri Ibn Jubayr, aliyepita Misri mwaka huohuo wa 1183, anataja vyombo vipatavyo 16 vilivyochomwa, jahazi la mahujaji lililotekwa, msafara ulioshambuliwa nchi kavu, na chakula cha kupelekwa Makka na Madina kilichoteketezwa.

Uliharibikaje? Kwanza, kisiwa hakikutekwa, kwa hiyo njia ya kurudi haikuwa salama hata siku moja. Pili, hakukuwa na merikebu za akiba, na merikebu iliyobebwa na ngamia haipatikani tena kwa wiki moja. Tatu, al-Adil, ndugu wa Salahuddin aliyekuwa akiongoza Misri, alitumia mbinu ileile: alimtuma Husam al-Din Lu'lu' na merikebu zilizohamishiwa Bahari ya Shamu. Lu'lu' aliufungua kwanza mzingiro wa kisiwa, kisha akawafuata wengine hadi pwani ya al-Hawra upande wa Hijazi. Wafaranki wakaacha vyombo na kukimbilia milimani, wakasakwa hadi wakajisalimisha, kiasi cha watu 170.

Salahuddin aliagiza wauawe wote. Hoja yake ilikuwa ya kijeshi pia: walikuwa wameshaijua njia. Wawili walipelekwa Mina wakachinjwa siku za hija. Ibn Jubayr aliwaona wengine wakiingizwa Alexandria juu ya ngamia, nyuso zimeelekezwa mkiani, kwa ngoma na tarumbeta.

Faida kubwa ya uvamizi huo aliipata Salahuddin. Wakati huo alikuwa kaskazini akipigana na Waislamu wenzake kwa ajili ya Aleppo na Mosul, na wapo waliomuuliza jihadi iko wapi. Baada ya Aydhab aliweza kumwandikia khalifa wa Baghdad kwamba anayezuia dola yake isiungane anaiacha njia ya Haram mbili wazi. Aleppo iliingia mkononi mwake Juni 1183. Novemba mwaka huo akaizingira Kerak kwa mitambo minane ya kurushia mawe, ndani kukiwa na harusi ya mtoto wa kambo wa Renaud, Humphrey, na Isabella, dada wa mfalme, binti wa miaka 11. Mfalme, aliyekuwa amekwisha kupoteza macho, alikuja akibebwa kwa machela, na Salahuddin akaondoka Desemba bila kuingia.

Msafara wa mwisho aliuteka mwishoni mwa 1186 au mwanzoni mwa 1187, suluhu ya 1185 ikiwa bado hai. Mfalme mpya Guy, mume wa malkia Sibylla, alimtaka arudishe. Akajibu kwamba yeye ni bwana wa nchi yake kama Guy alivyo bwana wa yake. Wapo wanaomtetea kwamba msafara ulisindikizwa na askari, hivyo ndio uliovunja masharti kwanza. Hoja hiyo ina uzito kiasi, lakini haielezi kwa nini aligoma hata kuzungumza na wajumbe.

Onyo kwa waandishi: dada wa Salahuddin hakutekwa katika msafara huo. Alisafiri katika msafara mwingine uliofuata, ambao Salahuddin mwenyewe alikwenda kuulinda, ukapita salama. Kosa hili linarudiwa kila mahali, na msomaji makini akiliona ataitilia shaka kazi yako yote.

Raymond: unachokipata, na kinachokwamisha

Raymond anakufungulia chumba cha mikutano. Alikuwa msimamizi wa ufalme kuanzia 1174, Baldwin wa Nne akiwa kijana mdogo, na tena 1185 hadi 1186 kwa niaba ya mfalme mtoto Baldwin wa Tano. Kupitia kwake unaona nani alimchagua nani, ni lini suluhu ilitiwa saini na kwa nini hazina ilikuwa tupu. Mtoto huyo alipofariki 1186, mama yake Sibylla, dada wa Baldwin wa Nne, alivikwa taji Yerusalemu, naye akamvika mumewe Guy. Renaud alisimama upande wao. Raymond alikataa kumtii Guy, akajifungia Tiberia, akafanya mapatano yake binafsi na Salahuddin na kupokea askari wa kumlinda dhidi ya mfalme wake.

Mvunja nchi ni mwananchi, na hapa huwezi kumkwepesha Raymond. Tarehe 1 Mei 1187, kwa kibali chake, kikosi cha Salahuddin kilivuka Yordani kupita katika ardhi yake, kwa sharti kwamba kivuke baada ya jua kuchomoza na kirudi kabla halijatua. Raymond aliwatumia watu habari wabaki ndani ya kuta. Gerard wa Ridefort, mkuu wa Watempla, alipoipata habari aliifanya nafasi ya kupigana. Akakusanya askari farasi wachache, hawafiki 150, akashambulia jeshi kubwa kwenye chemchemi za Cresson. Mkuu wa Wahospitali aliuawa hapo. Walioponyoka ni Gerard na wenzake wachache mno. Mapatano yaliheshimiwa kikamilifu, na ndiyo aibu yake: kikosi kilirudi kabla ya magharibi kikipita mbele ya Tiberia na vichwa juu ya mikuki. Raymond hakuwa na la kufanya ila kwenda kwa Guy kupiga magoti.

Kinachokwamisha kwa Raymond ni mashahidi. William, askofu mkuu wa Tiro, ambaye historia yake ndiyo nguzo ya kipindi hiki hadi 1184, alipata ukansela na uaskofu mkuu huo wakati wa usimamizi wa Raymond. Hakuwa mwongo, lakini alikuwa mtu wake. Simulizi za Kifaransa cha zamani nazo zilitoka upande wa ukoo wa Ibelin, washirika wake. Matokeo yake Raymond anatokea akiwa na hekima katika kila kikao. Kwa Renaud hali ni tofauti: Mlatini, Mgiriki na Mwarabu, ambao hawakupatana juu ya jambo lolote, wanapatana juu yake. Huhitaji kuchuja sana.

Hattin, upande wa kila mmoja

Hapa ndipo njia zao zinakutana, na hapa ndipo uchaguzi wako unabadilisha hadithi.

Jeshi la Wafaranki, askari farasi wenye deraya karibu 1,200 na jumla ya watu labda 20,000, lilikuwa Saffuriya penye chemchemi. Tarehe 2 Julai Salahuddin aliishambulia Tiberia. Eschiva akabaki ndani ya ngome ya ndani. Raymond, ambaye mke wake ndiye aliyezingirwa, alishauri wasiende: mji utajengwa tena, mateka watakombolewa, na Salahuddin akitaka vita aje yeye avuke nchi kavu. Gerard na Renaud wakamwona msaliti, na baada ya Cresson neno hilo lilikuwa rahisi kuaminika. Usiku Gerard akambadilisha Guy mawazo.

Tarehe 3 asubuhi wakaondoka. Mwendo ni kiasi cha kilomita 25, siku moja kwa mtu asiyesumbuliwa. Lakini kikosi cha nyuma kilishambuliwa kwa mishale mfululizo, kikasimama, na mbele ikalazimika kusimama pia. Waliipita chemchemi ya Turan bila kupiga kambi, na Salahuddin akaifunga nyuma yao. Wakalala Maskana bila maji, farasi wakiwa wamevuja jasho mchana kutwa wa Julai. Waislamu walikuwa na ngamia waliobeba viriba kutoka ziwani. Asubuhi nyasi kavu zilichomwa upepo ukielekea kwa Wafaranki.

Raymond aliongoza shambulio la farasi kuelekea kaskazini. Taqi al-Din, mpwa wa Salahuddin, aliamuru safu zifunguke, Raymond akapita, safu zikafunga, na mteremko ukawa mkali mno kurudi. Akaenda Tiro, kisha Tripoli, akafa mwaka haujaisha, akiitwa msaliti. Simulizi nyingine humlaumu pia kwa ushauri wa kupiga kambi mapema siku ya kwanza, kwa hiyo usimpe alama zote za siku mbili hizo.

Renaud alitekwa pamoja na Guy. Hemani Salahuddin alimpa Guy maji yaliyopozwa kwa theluji. Guy akanywa, akampa Renaud. Salahuddin akasema huyo hakupewa kinywaji na yeye, maana kwa desturi mgeni aliyelishwa hauawi. Akamtajia misafara, akamtaka asilimu, akakataa, akampiga kwa upanga wake mwenyewe, watumishi wakamaliza.

Umchague yupi

Kwa mjadala wa darasani, mchukue Raymond. Swali "alikuwa msaliti au ndiye pekee aliyeona mbele?" lina hoja za kutosha pande zote mbili, na Cresson peke yake inajaza dakika 40. Kwa Renaud mjadala hufa mapema, kwa sababu hakuna anayetaka kuwa wakili wake.

Kwa masimulizi, kwa makala, na kwa yeyote anayejali hija, misafara na biashara ya Bahari ya Hindi, mchukue Renaud. Lakini usianzie Châtillon. Anza 1176 anapotoka gerezani akiwa na miaka 50 hivi, uirejee Antiokia kwa aya mbili tu, asali na Saiprasi, kisha ukae na misafara na merikebu. Ukiwa na nafasi ya kwenda Jordan, Kerak na Shaubak zote bado zimesimama na unaweza kuziona kwa siku moja kwa gari.

Wala usiishie hemani, ambapo wote huishia. Baada ya Hattin, Humphrey alikuwa mateka, na Stephanie, mjane wa Renaud, alipatana na Salahuddin kuzitoa ngome mbili ili mwanawe aachiliwe. Mtoto akaletwa, lakini walinzi wa ngome wakakataa kutii amri ya bibi yao. Stephanie akamrudisha mwanawe kifungoni kwa kuwa hakuweza kutimiza ahadi. Salahuddin akamwachia baadaye. Kerak ilisalimu amri kwa njaa Novemba 1188, na Shaubak mwaka 1189.